Lamu na watoto: Mzazi apite maji ya ndani au atoke bahari kuu?

Hakuna anayeingia mji wa Lamu bila kupanda chombo. Uwanja wa ndege uko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji. Barabara ya kutoka bara nayo hukoma kwenye gati ya Mokowe. Kwa hiyo mtoto anayeletwa Lamu likizoni huvuka maji kabla hata ya kuona punda wa kwanza au kibaraza cha kwanza.

Safari hiyo ya kwanza huwa fupi na tulivu. Maji ni ya kijani, mikoko iko karibu, na watoto hutia vidole majini huku wazazi wakipiga picha. Ndipo familia nyingi hudhani kwamba bahari yote ya Lamu ni hiyo. Kesho yake mtu wa boti akiwapa safari mbili, moja ya kupita mkondo wa mikoko na nyingine ya kutoka nje hadi kwenye miamba, wao huchagua kwa bei au kwa uzuri wa picha walizoonyeshwa kwenye simu.

Kwa familia yenye watoto wadogo, uchaguzi huo unahitaji mambo mengine. Maji ya ndani na bahari kuu ni safari mbili tofauti kabisa, na kila moja ina hatari zake.

Mji mmoja, bahari mbili

Mji wa Lamu, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hautazami bahari kuu. Unatazama mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda. Manda ndiyo ukuta wake. Wimbi linalotoka Bahari ya Hindi hupigwa na Manda kwanza, na linalofika kwenye gati ya mji huwa limeshachoka.

Ukishuka kusini kwa mwendo wa takriban kilomita tatu unafika Shela. Hapo ukuta unakwisha. Mbele ya Shela ndipo mkondo unapofunguka kuwa mlango wa bahari, na ukizunguka pembe ya kijiji unakutana na ufuo wa mchanga wa kilomita 12 hivi unaotazama bahari wazi. Mtoto anayeogelea upande wa kijiji na mtoto anayeogelea upande wa ufuo mrefu wako dakika chache tu mmoja na mwenzake kwa miguu, lakini hawako kwenye maji yale yale.

Kutoka mjini, safari za ndani ziko nyingi. Kuna ile ya kuelekea Matondoni, kijiji kinachojulikana kwa mafundi wa kuunda mashua na majahazi, kisha kuendelea hadi Kipungani upande wa magharibi wa kisiwa. Kuna ya magofu ya Takwa huko Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17. Na kuna ya Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, wenye mikoko kushoto na kulia, ambao wenyeji huutumia kwenda Siyu, Faza na Kizingitini katika kisiwa cha Pate. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mtoto anayepita Mkanda huelewa hilo bila kuambiwa.

Safari za nje ni za kuvuka mlango wa Shela kwenda kuvua au kuogelea kwenye miamba, kuzunguka Manda kwa upande wa bahari, au kupanda kaskazini hadi Kiwayu. Huko maji ni masafi zaidi, samaki ni wengi wa rangi zote, na pomboo huonekana mara kwa mara. Lakini huko pia hakuna ukuta.

Kalenda ya shule na kalenda ya upepo

Tatizo moja la wazazi wa Kenya ni kwamba kalenda ya shule haikupangwa na mabaharia. Likizo ya Agosti huangukia ndani ya kusi, upepo unaovuma kutoka kusini kuanzia karibu Aprili hadi Septemba. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo bahari ya nje huchafuka zaidi, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa mara kwa mara tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Katika miezi hiyo wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hawatoki nje ya miamba. Kama mvuvi aliyezaliwa hapo amefunga chombo chake, familia ya kutoka Nakuru haina sababu ya kutoka na mtoto wa miaka mitano.

Likizo ya Desemba ni afadhali. Kaskazi huwa imeingia, na asubuhi nyingi maji ya nje hutulia. Hata hivyo kaskazi nayo huongezeka nguvu mchana, hasa Januari na Februari, kwa hiyo safari iliyoanza saa moja asubuhi kwenye maji kama kioo inaweza kurudi saa nane mchana ikirushwarushwa. Vipindi vya maleleji, kati ya pepo hizo mbili, ndivyo vyenye bahari tulivu kuliko vyote. Bahati mbaya, Oktoba watoto wengi wako darasani.

Kuna jambo la mlango wa Shela ambalo mgeni hawezi kulijua kwa kutazama tu. Maji yanapokupwa, mkondo hutoka nje kwa kasi kupitia mlango huo. Ikiwa kusi inavuma kuja ndani wakati huo huo, maji na upepo hugongana. Mawimbi huwa mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila nafasi. Saa chache baadaye, maji yakianza kujaa na kuelekea upande mmoja na upepo, mahali pale pale hupungua ukali. Nahodha anayesema "tungoje kidogo maji yageuke" huwa ameliona hilo, na si haki kumwona mvivu.

Maji ya ndani yana saa yake

Mzazi akisikia hayo anaweza kusema basi, sisi tutabaki ndani tu. Ni uamuzi mzuri kwa watoto wengi, lakini maji ya ndani nayo yana sharti lake kubwa: kujaa na kupwa.

Katika siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa Lamu hufika karibu mita tatu. Mkanda huwa na sehemu zisizopitika kwa chombo chenye mzigo maji yakiwa yamekupwa. Mkono wa bahari unaokwenda Takwa huwa tope tupu. Chombo kilichochelewa hupwelewa, na kupwelewa maana yake ni kukaa juu ya tope hadi maji yarudi. Hiyo inaweza kuwa saa tatu, nne au zaidi, bila kivuli, pengine bila maji ya kunywa ya kutosha, na mtoto mchanga mapajani.

Kwenye pwani ya Kenya, siku za bamvua maji huwa yamekupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na hujaa alfajiri na tena karibu na saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja, katika maji mafu, mambo huwa kinyume: maji hujaa asubuhi, ingawa hayajai kwa wingi ule. Kwa hiyo familia inayotaka kuona Takwa asubuhi kabla jua halijawa kali ingefaa itazame mwezi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Anayefika siku ya mwezi mpevu atapelekwa jioni, na itabidi atoke Takwa mara maji yanapoanza kugeuka.

Ndani pia kuna hatari ndogondogo ambazo hazitajwi. Mizizi ya mikoko hushikwa na chaza wenye makali kama wembe. Mtoto asishuke bila viatu. Kwenye mchanga wa maji mafupi hulala taa. Anayetembea majini aburute miguu badala ya kuinua, ili taa ahisi na kuondoka. Akichomwa, jeraha litiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa dakika 30 au zaidi, halafu apelekwe kwa daktari. Jioni mbu hutoka mikokoni, na malaria bado ipo Pwani. Mikono mirefu na dawa ya kufukuza mbu viwe kwenye mfuko kabla ya jua kutua.

Chombo cha maji gani?

Swali la ndani au nje haliwezi kutenganishwa na swali la chombo. Mfano mchungu uko karibu na sisi. Julai 18, 2012, meli ya abiria ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ikiwa na watu wazima na watoto. Ulikuwa msimu wa kusi, na siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Meli hiyo iliundwa Marekani mwaka 1989, na kwa miaka mingi ilivusha abiria katika Puget Sound, jimbo la Washington, ambako maji yamezungukwa na nchi kavu na visiwa. Kisha ikauzwa na kuletwa kwenye mkondo wa Zanzibar, ambako wimbi la kusi halina cha kulizuia.

Kwa kipimo kidogo zaidi, jambo hilo hilo linaweza kutokea kwa boti ya watu kumi. Boti ya fiberi yenye ubavu mfupi inayovusha watu vizuri kati ya Manda na mji haikuandaliwa kwa kuzunguka Manda kwa nje mwezi wa Julai. Mashua yenye tanga, ubavu mrefu na nahodha mzoefu inaweza kustahimili zaidi, ila ni ya mwendo wa pole, na mwendo wa pole humaanisha saa nyingi zaidi juani na katika mrama.

Mzazi hahitaji kuwa fundi. Atazame kama maji yanafuliwa kwa ndoo hata kabla ya safari kuanza. Ahesabu watu na kuwalinganisha na idadi ambayo chombo kimeruhusiwa kubeba. Aulize kama kuna mafuta ya akiba, simu yenye chaji na mtandao wa pili, na kama mtu aliyebaki nchi kavu anajua wanakokwenda na saa ya kurudi. Kwa safari ya nje, boti ya injini moja isiyo na tanga wala kasia ni ya kukataliwa.

Jaketi la mtoto ni la mtoto

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa waliokufa wako katika nchi kama zetu. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa sababu kinywa chake kiko majini na nguvu zake zote zinatafuta pumzi. Huzama kimya, wakati mwingine hatua tatu kutoka kwa watu wazima wanaozungumza.

Ndiyo maana jaketi la kujiokoa livaliwe hata katika mkondo ulio kama bwawa. Boti nyingi hubeba majaketi ya watu wazima tu, na mtoto akivishwa hilo, akianguka majini jaketi huinuka na yeye hutelezea chini. Kipimo ni rahisi: mfunge mtoto jaketi, kisha livute juu kwa mabega. Likipita masikio, halimfai. La mtoto mdogo linafaa liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, na uzito wake uwe ndani ya ule ulioandikwa kwenye jaketi. Familia inayokuja Lamu mara kwa mara ingenunua lake na kulibeba. Maboya ya kupuliza ya mikononi na yale ya bata ni ya kuchezea, na upepo huyabeba mara moja.

Chombo kikipinduka, kanuni ya mabaharia ni moja: shikilia chombo. Usiogelee kuelekea ufukwe unaoonekana karibu. Chombo kilichopinduka huonekana kutoka mbali, ila kichwa cha mtu majini hakionekani.

Tumbo, jua na ubaridi

Tofauti kubwa zaidi kati ya ndani na nje ambayo watoto wenyewe huihisi ni tumbo. Kulewa bahari hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio huathirika zaidi. Wachanga wa chini ya miaka miwili mara nyingi husalimika. Katika Mkanda ni nadra mtoto kutapika. Nje ya Shela mwezi wa Agosti, ni ajabu asipotapika.

Mtoto akae katikati ya chombo, ambako mrama ni mdogo, atazame mbali kwenye upeo wa bahari na asitazame simu. Ale kitu chepesi saa moja kabla, kama mkate mkavu au mahamri, wala asipande na tumbo tupu au lililojaa viazi vya kukaanga. Tangawizi huwasaidia baadhi. Dawa za kuzuia kutapika safarini humezwa kabla ya kuondoka, kwa kuwa zikingojwa hadi moyo uchafuke, hutapikwa pamoja na chakula. Kipimo kiulizwe kwa daktari au mfamasia, na promethazini asipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, kwani inaweza kudhoofisha upumuaji wake. Anayetapika sana apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko.

Jua la majini hupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, chombo bila turubai si cha watoto, na mchanga wa chini ya miezi sita hafai kuwekwa juani kabisa. Kwa upande mwingine, wengi husahau ubaridi. Mtoto aliyeloa kwa rasharasha ya kusi na kupigwa na upepo kwa saa moja anaweza kutetemeka hata Lamu. Leso kavu na nguo ya kubadili ndani ya mfuko usiopitisha maji ni dawa tosha.

Kwa wenyeji si matembezi

Wageni wakiona Mkanda kama mahali pa kupiga picha, mama wa Faza anauona kama barabara ya hospitali. Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka kisiwa cha Pate kwenda hospitali ya kaunti mjini Lamu husafiri kwa boti. Maji yakiwa yamekupwa, nahodha wake huwa na mambo mawili: kungoja, au kuzunguka nje. Mjamzito mwenye uchungu hapewi nafasi ya kungoja maleleji.

Hili lafaa kukumbukwa na mzazi anayepanga safari ya mbali. Wenyeji hutoka nje siku mbaya kwa sababu wana dharura, na mgeni hana. Tena, kadiri familia inavyokwenda mbali na mji, ndivyo inavyokuwa mbali na hospitali hiyo hiyo. Mtoto mwenye pumu, kifafa au selimundu abaki kwenye safari ambazo kurudi mjini ni suala la dakika, na dawa zake ziwe mfukoni mwa mzazi, zisiachwe hotelini.

Nani aamue?

Kwa muhtasari, watoto wa chini ya miaka sita wanafaa kubaki ndani: Matondoni, Kipungani, Takwa kwa saa za maji. Wa miaka sita hadi 12 wanaweza kutoka nje Desemba, asubuhi, kwa safari ya saa moja au mbili, wakiwa na jaketi linalowatosha. Agosti, familia nzima ibaki ndani, na haitakuwa imekosa Lamu.

Kabla ya kulipa, mzazi amkabili nahodha mwenyewe, si kijana wa gatini anayetafuta wateja, na amuulize kwa heshima: "Nahodha, leo nje kukoje? Maji yanageuka saa ngapi? Wewe ungemchukua mwanao?" Swali la tatu ndilo hupata jibu la kweli.

Akijibu kwamba leo hapana, asibembelezwe kwa nyongeza ya pesa wala kwa machozi ya watoto. Waswahili walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Malipo ya mapema yasiwe ya kufunga mikono. Wakubaliane tangu mwanzo kwamba bahari ikichafuka, pesa ile ile itawapeleka Matondoni kuwaona mafundi wakipiga misumari kwenye mbavu za jahazi. Watoto wengi hulikumbuka hilo kuliko samaki wa rangi, kwa sababu huko huruhusiwa kushika nyundo.